Fahamu: Je, mchanganyiko wa wachezaji wa asili mbalimbali huipa timu nguvu?

Ufaransa ilipoishinda Brazili mabao 3 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 12 Julai 1998, walimwengu walikisifu kikosi kilichokuwa na Zinedine Zidane, mwana wa wazazi waliotoka Algeria, Marcel Desailly, mzaliwa wa Accra, na Lilian Thuram wa Guadeloupe. Na wengi wakahukumu kwamba siri ya ushindi ilikuwa mchanganyiko huo wenyewe.

Walakini katika Kombe la Dunia la mwaka 2010, kule Afrika Kusini, kikosi cha Ufaransa chenye mchanganyiko kama huo kiliingiwa na fitina: Nicolas Anelka alirudishwa nyumbani kwa kumtolea kocha Raymond Domenech maneno makali, wenzake wakagoma kufanya mazoezi, na timu ikatolewa mapema pasipo kushinda mchezo hata mmoja. Mwaka 2018 ubingwa wa dunia ulirejea Ufaransa chini ya kocha Didier Deschamps, aliyekuwa nahodha wa 1998.

Basi ni dhahiri kwamba tofauti za asili, peke yake, si baraka wala si nuksi. Hupanua wigo wa vipaji, mitindo ya kucheza na fikra. Lakini manufaa hayo hupotea pale wachezaji wanapojitenga makundi makundi, au wanaposhuku kwamba hakuna insafu katika uteuzi. Kinachoamua ni uongozi wenye uadilifu, lugha moja ya kazi, na muda wa kuzoeana, ambao timu ya taifa, aghalabu, huupata kwa uchache kuliko klabu.