Makauboi wa Calgary: Asili au Tijara?

Kila mwezi wa Julai, katika mji wa Calgary ulioko magharibi ya Kanada, wahasibu, mawakili na makarani wa kampuni za mafuta, ambao mwaka mzima huvaa suti na tai, hutia vichwani kofia pana na miguuni buti za ngozi, na kwa siku 10 za sherehe iitwayo Stampede hufungua kinywa mitaani kwa chapati za maji zigawiwazo bure. Mgeni atazamaye hayo hana budi kujiuliza kama ukauboi huu ni urithi wa haki au ni vazi la tijara.

Wanaoukanusha wana hoja nzito. Guy Weadick, aliyeiasisi sherehe hiyo mwaka 1912, hakuwa mwenyeji wa Alberta, jimbo la mji huo. Alikuwa mzaliwa wa jimbo la New York, fundi wa kuchezea kamba ya kitanzi mbele ya watazamaji kwa ujira. Mashindano ya magari ya jikoni yakokotwayo na farasi, ambayo wengi huyadhani ya tangu na tangu, yalianza 1923. Hata kofia nyeupe wanayovishwa wageni waheshimiwa baada ya kula kiapo cha mzaha ni jambo la juzi: kiwanda cha Smithbilt kilianza kuitengeneza katika miaka ya 1940, na meya Don Mackay akaifanya tunu ya mji katika miaka ya 1950, wakati ambapo mafuta yaliyogunduliwa Leduc, katika jimbo hilo, mwaka 1947 yalikuwa yamekwisha kumpokonya ng'ombe ufalme wake.

Walakini ng'ombe walikuwako kweli, na watu wao pia. Katika miaka ya 1880 ranchi kubwa kama Cochrane na Bar U zilienea chini ya milima kwa mtaji wa matajiri wa mashariki ya Kanada, na miongoni mwa waliowaswaga ng'ombe kutoka kusini mwaka 1882 alikuwamo John Ware, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Marekani, ambaye baadaye alimiliki kundi lake mwenyewe lenye chapa ya 9999, mpaka farasi wake alipojikwaa na kumuua mwaka 1905. Baridi kali ya 1906 na 1907 iliangamiza mifugo mingi mno, na wakulima wa ngano wakazidi kuizungushia nchi seng'enge.

Kwa hiyo matajiri wanne waliomdhamini Weadick kwa dola 100,000, nao ni wenye ranchi, mwenye biashara ya nyama na mwenye kiwanda cha bia, walikuwa wakiyaadhimisha maisha waliyoyajua na kuyaona yakitoweka, ilhali wakitaraji pia kwamba mji utajaa wateja. Kauboi mwenyewe alikuwa mtu wa mshahara, mwajiriwa wa kampuni. Sioni basi wakati ambapo biashara haikuwamo katika jambo hili.

Tena wako waliokuwapo kabla ya kauboi. Maofisa wa serikali hawakupenda wenyeji wa asili watoke katika maeneo waliyotengewa, ambako baadhi ya ibada zao zilikuwa zimeharimishwa kwa sheria, na ilibidi wanasiasa kama R. B. Bennett, waziri mkuu wa baadaye, waombe ruhusa kwa niaba yao ili wahudhurie sherehe. Katika uwanja wa sherehe hiyo ya 1912, Tom Three Persons wa taifa la Kainai alimpanda Cyclone, farasi aliyesifika kwa kuwabwaga wapandaji, akatwaa ubingwa.

Na biashara hiyo ingaliko hata leo. Jioni ya mashindano ya magari ya jikoni, honi inapolia, msaidizi hutupa jiko la bandia nyuma ya gari na kurukia farasi wake, na magari huyazunguka mapipa kabla ya kutimkia njia kuu. Kila moja lina farasi wanne, aghalabu waliokwisha kustaafu mbio za kawaida, na baadhi yao hufa uwanjani, jambo linalowaghadhibisha watetezi wa wanyama, nami siwalaumu. Turubai la gari hupigwa mnada kila mwaka, kampuni ikanunua haki ya kuandika jina lake juu yake, na fedha hiyo ndiyo inayozitunza familia ambazo hurithishana kazi hii baba kwa mwana. Bei ya mafuta iangukapo, mnada nao huanguka, na mwendeshaji hulazimika kuwalisha farasi wale wale kwa fedha pungufu.