Insha ya Historia: dakika ngapi kwa alama ngapi?

Wapo wazazi wa Busia na Malaba ambao watoto wao wamevuka mpaka kwa ajili ya shule. Ada ikishalipwa, hubaki swali ambalo risiti haijibu: kwa nini mtoto aliyefaulu Historia upande mmoja anapata alama ndogo upande wa pili, ilhali wakoloni ni wale wale na vita ni vile vile?

Mara nyingi amesoma vizuri. Kinachomwangusha ni kutojua jibu linatakiwa liwe refu kiasi gani, na lizame hadi wapi.

Katika KCSE ya Kenya, karatasi ya Historia na Serikali imekuwa ya saa 2 na nusu na alama 100. Maswali mafupi yana alama 25, kisha mtahiniwa hujibu maswali matano ya alama 15 kila moja. Piga hesabu ya dukani: dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. "Taja sababu tatu" kwa alama 3 ni sentensi tatu basi. Anayejaza ukurasa hapo anagawa bidhaa bure. "Eleza sababu sita" kwa alama 12 ni dakika 18, aya sita fupi, kila moja ikitaja sababu na kuifafanua.

Kidato cha sita cha Uganda ni soko jingine. Huko, kwa utaratibu uliozoeleka, ni insha nne kwa saa 3, dakika 45 kila moja, alama 25. Orodha ya hoja haitoshi. Swali likiuliza "kwa kiasi gani", mtahini anataka msimamo, na msimamo huo utetewe.

Chukua mada ambayo wafanyabiashara wakongwe waliionja mifukoni: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kwa jibu fupi, inatosha kutaja uhasama wa viongozi, tofauti za siasa za uchumi na manung'uniko kwamba Kenya ilinufaika zaidi. Kwa insha ya dakika 45, mwanafunzi apime. Je, Idi Amin, aliyepindua serikali Januari 1971, ndiye aliyeivunja? Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na vikao vya marais watatu vikakoma. Lakini Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa tayari limeipeleka Tanzania njia tofauti na ya Kenya. Kwa maoni yangu, insha yenye nguvu ni ile inayosema nyufa zilikuwapo, Amin akaondoa meza ya kuzizibia.

Hayo hayaji yenyewe katikati ya kuandika. Dakika tano za mwanzo ziende kwenye mpango: hoja tano au sita pembeni, zipangwe kwa uzito wake, kila moja na ushahidi wake, mwaka au jina.

Mzazi anaweza kusaidia hata akiwa kibandani. Weka simu ihesabu dakika 40, mtoto aandike kwa mkono. Kurasa atakazojaza ndizo urefu anaoumudu, na mpango wake ufuate huo. Kisha muulize: ukipunguziwa dakika kumi, unafuta aya ipi?