Boti za Makazi Mferejini: Nafuu Yake na Sharti la Siku 14

Kupanda kwa kodi za nyumba jijini London kumewafanya wakazi wengi kuyatazama upya maji yapitayo nyuma ya mitaa yao. Mfereji wa Regent, uliokamilika mwaka 1820 kwa ajili ya kusafirishia makaa ya mawe na mbao kati ya Paddington na Limehouse, leo umejaa boti za makazi. Mwenye boti hanunui ardhi, na ardhi ndiyo huifanya nyumba ya London kuwa ghali.

Hata hivyo, maji nayo yana mwenyewe. Leseni haitolewi na halmashauri bali na Canal & River Trust, shirika la hisani lililokabidhiwa mifereji mwaka 2012. Mwombaji hutakiwa kuwa na bima na cheti cha usalama wa boti, ambacho kwa kawaida hudumu miaka 4. Kisha huulizwa boti italala wapi, na hapo ndipo penye uzito. Maegesho ya kudumu ni machache, na ada zake zaweza kuimeza nafuu yote iliyotarajiwa. Asiye na maegesho hupewa leseni kwa sharti la kusafiri: Sheria ya mwaka 1995 humkataza kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa kwa sababu ya msingi kama vile ugonjwa, kuharibika kwa injini au maji kuganda. Kwenda na kurudi kati ya madaraja mawili hakutimizi sharti hilo. Aidha, tangu Aprili 2024 boti zisizo na maegesho hutozwa ada ya ziada.

Kwa mtu mmoja afanyaye kazi popote, sharti hili laweza kuvumilika. Kwa familia yenye mtoto shuleni ni jambo jingine kabisa, kwani njia ya kwenda shule hubadilika kila baada ya wiki mbili, katikati ya baridi na giza la Januari.

Kukosa anwani hakumwondolei mkazi haki zake. Aweza kujiandikisha kupiga kura kwa tamko la uhusiano wake na eneo, na kliniki ya daktari haipaswi kumkataa kwa kukosa uthibitisho wa makazi.

Jiko la kuni au makaa ni hatari ndani ya boti. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu. Hivyo king'ora chake ni cha lazima, na matundu ya hewa yasizibwe hata usiku wa barafu. Injini zisiwashwe kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi boti ikiwa imeegeshwa. Choo humwagwa katika vituo maalumu, kamwe si mferejini.

Anayekusudia kununua aitoe kwanza boti majini ili fundi apime unene wa chuma cha kitako, kabla ya kulipa chochote kisichorudishwa.