Mkanda wa Pikipiki Katika Baridi Kali

Wasomaji wetu wajua ya kuwa mafuta ya nazi huganda chupani asubuhi za baridi, na jua likipanda huyeyuka. Leo twataka kueleza jinsi jambo la namna hiyo liwezavyo kuvunja chombo cha safari na kuhatarisha maisha ya mwenyewe, katika nchi yenye baridi iliyopita kiasi.

Alaska ni jimbo la Marekani lililo kaskazini kuliko yote. Vijiji vingi vya huko havina barabara ya kwendea mjini, na watu hutumia pikipiki za magurudumu manne kwa kuwinda, kuleta kuni na kukokota mizigo. Mjini Fairbanks, mbali na pwani, baridi ya Januari huweza kufika digrii 40 chini ya sifuri.

Pikipiki nyingi za namna hiyo hazina gia za kubadilishwa kwa mguu. Nguvu ya injini hupita katika mkanda wa mpira uliozungushwa juu ya kapi mbili. Pande za kapi zikikaribiana, mkanda hupanda, zikiachana, hushuka, na hivyo mwendo hubadilika wenyewe. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha motokaa yenye mikanda ya namna hii tangu mwaka 1958.

Baridi kali huleta madhara matatu. Kwanza, mpira hukakamaa, na mkanda ukivutwa kwa ghafula huteleza, huungua au hukatika. Pili, mafuta ya giaboksi huwa mazito, na uzito huo huuelemea mkanda. Mafuta yaliyoandikwa 75W hupimwa kwa digrii 40 chini ya sifuri, lakini ya 80W hupimwa kwa digrii 26 tu chini ya sifuri. Basi hapana budi kuchagua yafaayo. Tatu, theluji iingiayo katika kasha la mkanda huyeyuka safarini, kisha usiku huganda, ikaushika mkanda na kapi pamoja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hungoja injini ipate moto, wakadhani chombo chote kimepata moto. Sivyo. Katika pikipiki nyingi, injini ikinguruma polepole mkanda hauzunguki kabisa. Hupata moto hasa kwa kwenda.

Kwa hiyo mwendeshaji mwenye busara hufanya hivi. Injini ikiisha pata moto, hutazama kama magurudumu hayakugandamana na ardhi. Kisha hutia gia ya nguvu, akaenda mbele na nyuma hatua chache, polepole, wala hafungi mzigo mpaka mkanda umelainika. Akirudi, huondoa theluji, hufungua kizibo cha kasha maji yatoke, tena huzungusha injini bila gia ili mkanda ukauke. Na safarini huchukua mkanda wa akiba pamoja na vyombo vya kuufungia.

Mambo haya yaonekana madogo. Lakini mkanda ukikatika mbali na nyumba, katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, mtu hana budi kwenda kwa miguu juu ya theluji, na vidole huweza kufa kwa baridi kabla hajafika kwenye moto. Dakika chache za subira asubuhi ni bei ndogo ya kujiokoa na safari hiyo.