Mieleka: mwajiri wa pili awapa wapiganaji nguvu ya kudai

Kwa karibu miaka 18, mwanamieleka wa Marekani aliyetaka pesa nzuri alikuwa na mlango mmoja mkubwa wa kubisha: WWE. Kampuni hiyo ilimnunua mpinzani wake, WCW, Machi 2001.

Januari 2019, Tony Khan, ambaye baba yake anamiliki timu ya Jacksonville Jaguars, alitangaza kampuni mpya, AEW. Mei mwaka huo Jon Moxley, bingwa wa zamani wa WWE kwa jina la Dean Ambrose, alijiunga nayo mara tu mkataba wake ulipokwisha.

Ushindani uliwahi kuleta faida. Mwaka 1996 Kevin Nash na Scott Hall walihamia WCW kwa malipo ya uhakika. WWE, wakati huo ikiitwa WWF, nayo ikaanza kutoa mikataba ya namna hiyo.

Hata hivyo, WWE huwahesabu wapiganaji wake kuwa watu waliojiajiri. Hulipia matibabu ya majeraha ya ulingoni, lakini bima ya afya wanajilipia wenyewe, na hawana chama cha wafanyakazi. Nyota anaweza kutishia kuhama. Asiye na jina bado hana wa kumtetea.