Kabla ya kununua kiwanja, mzazi aulize kilichopo chini yake

WAZAZI wengi wanaponunua kiwanja huuliza bei, hati, barabara na umbali wa shule. Wachache huuliza kama ardhi hiyo itahimili tetemeko.

Mji wa Christchurch, New Zealand, ulijifunza uzito wa swali hilo kwa machungu. Tetemeko la Februari 22, 2011 liliua watu 185. Kando ya mto Avon, nyumba nyingi hazikuanguka, bali zilititia. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa kwa nguvu hupoteza ugumu wake na kuwa kama uji. Tope hufoka juu, mabomba hupasuka na misingi huinama.

Miezi minne baadaye, serikali ilitoa ramani ya rangi. Familia ziliingiza anwani kwenye tovuti na kuona hatima yao: kijani, ardhi inafaa kujengwa tena; nyekundu, haifai. Nyumba zaidi ya 7,000 hatimaye ziliangukia kwenye nyekundu. Serikali ilijitolea kuzinunua, na mitaa mizima ikahama.

Ramani za hatari za aina hiyo hutengenezwa kwa programu za kompyuta, ikiwamo QGIS inayopatikana bure. Taarifa hupangwa tabaka juu ya tabaka: aina ya udongo, kina cha maji ya ardhini, miteremko na nguvu ya mtikisiko unaotarajiwa. Mchanga mlegevu na maji yaliyo karibu vikikutana mahali pamoja, eneo hilo hupewa rangi ya hatari. Mteremko mkali wenye udongo dhaifu huwekewa alama ya maporomoko.

Ramani haitabiri siku ya tetemeko, wala haipimi msingi wa nyumba moja moja. Huonyesha mahali pa kuchunguza kwanza.

Kwa Tanzania, jambo hili si la mbali. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu na kuharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato.

Mzazi asiye na ramani anaweza kuanza na maswali haya:

• Kisima cha jirani kina kina gani?
• Hapa palikuwa bondeni, au palijazwa kifusi?
• Kuta za majirani zina nyufa?
• Shule ya mtoto imejengwa chini ya mteremko?

Majibu ayapeleke kwa mhandisi kabla ya kulipa hata shilingi moja.