Neno la Tabibu Mwanagenzi

Itetemia, karibu na mji wa Tabora, inajulikana kuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Katika karne ya 19 misafara iliyofuata njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita katika nchi hiyo, na habari zote zilisafiri kwa miguu. Mwezi Machi 1872 Stanley aliondoka Kwihara, katika Unyanyembe hiyo hiyo, akamwachia Livingstone ahadi kwamba angempelekea wapagazi kutoka pwani. Livingstone alingoja miezi mitano. Yeye mwenyewe alikuwa daktari, lakini siku hizo hali yake ilikuwa kama ya mgonjwa yeyote: alikuwa na neno la mtu, wala hakuwa na njia ya kulihakikisha. Wapagazi walifika mwezi Agosti, na safari yake ikaendelea.

Siku hizi mtu atokaye Itetemia kwenda Hospitali ya Kitete hahitaji msafara. Hata hivyo, akisha kutoa makohozi yake yapimwe, naye hungoja neno la mtu. Huenda mtu huyo akawa tabibu mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa utabibu anayejifunza kazi chini ya msimamizi. Katika makala haya tutaona jinsi neno lake linavyoweza kuponya au kudhuru, tukichukua kifua kikuu kuwa mfano.

Ugonjwa unaodai subira

Kifua kikuu husababishwa na bakteria waliogunduliwa na Robert Koch mwaka 1882. Bakteria hao hukua polepole mno. Wako bakteria wa tumboni wawezao kugawanyika kila baada ya dakika 20. Hawa huchukua kama saa 20. Baadhi yao hutulia kana kwamba wamelala, na dawa haiwaui upesi. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili.

Hapa ndipo penye hatari. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mgonjwa hujiona amepona. Akiacha dawa, bakteria waliosalia huongezeka na ugonjwa hurejea. Kumeza dawa kwa kukatizakatiza huweza pia kuzalisha bakteria sugu, ambao huwaambukiza hata watu wa nyumbani mwake. Ni nini basi kitakachomfanya mtu asiyesikia maumivu aendelee kumeza vidonge kwa miezi mingi? Ni imani yake kwa yule aliyempa.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na Dakta Karel Styblo alishiriki katika kuutengeneza. Kila mgonjwa aliandikishwa, aliangaliwa akimeza dawa, na makohozi yake yalipimwa tena. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu wa namna hiyo katika nchi nyingi. Lakini daftari, hata likiandikwa vizuri namna gani, halizungumzi na mgonjwa.

Imani hupotelea wapi?

Tumfikirie bibi mmoja wa Itetemia, ambaye Kinyamwezi ndiyo lugha anayoieleza vizuri hali yake. Mwanagenzi anamwambia, “Bibi, majibu utayapata kesho.” Kesho yake mwanagenzi amehamishiwa wodi nyingine, wala hakumwachia mwenzake habari. Majibu yanapotolewa, mkalimani ni mjukuu wa miaka kumi, na mambo ambayo bibi angependa kuyauliza hayaulizi mbele ya mtoto. Anapewa dawa. Baada ya muda mfupi anaona mkojo wake umekuwa mwekundu, anadhani ni damu, naye anavitupa vidonge.

Mkojo huo si damu. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa na rangi ya machungwa au nyekundu, na jambo hilo halina madhara. Sentensi moja ingetosha kuyaokoa matibabu yote.

Afanyeje mwanagenzi?

Kwanza, ajitambulishe kuwa yu mwanafunzi, na amtaje msimamizi wake. Mgonjwa akigundua mwenyewe baadaye, atashuku na mengine.

Pili, asiahidi jambo lisilo katika uwezo wake. “Kesho saa nne nitakuja kukueleza, hata kama majibu hayajatoka” ni ahadi inayoweza kutimizwa. Akifika mikono mitupu kwa saa aliyoitaja, bado amelitimiza neno lake. Akihamishwa, amkabidhi mwenzake ahadi hiyo kwa maandishi.

Tatu, asipojua jambo aseme hajui, akaulize, kisha arudi. Jibu la kubahatisha likipingwa na msimamizi mbele ya mgonjwa, wote wawili hupoteza heshima.

Nne, atafute mkalimani mtu mzima atakayetunza siri, tena mgonjwa amkubali.

Tano, amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake namna atakavyotumia dawa. Swali la “Umeelewa?” hujibiwa “Ndiyo” kwa adabu tu. Mgonjwa akikosea katika kueleza, mwanagenzi arudie maelezo yake kwa njia nyingine bila kumlaumu.

Zoezi la darasani

Mwalimu awagawe wanafunzi wawiliwawili. Mmoja, akiwa tabibu, aeleze kwa dakika tatu kwa nini dawa isiachwe hata kikohozi kikiisha. Wa pili, akiwa mgonjwa, ayarudie maelezo hayo mbele ya darasa. Yatakayokuwa yamepotea kati ya kinywa cha mmoja na kinywa cha mwingine ndiyo yanayopotea kila siku kati ya hospitali na nyumbani.